Mkopo wa muda mfupi na deni lililosamehewa: namna ya kuviandika kwenye vitabu vya kampuni ndogo

Kila ifikapo Desemba, kampuni zinapojiandaa kufunga hesabu, simu yangu hailali. Maswali ni yaleyale. "Hela ya mkopo naiandika wapi?" "Rejesho lote si matumizi?" "Aliyenikopesha kanisamehe, nifute tu?" Nimeyajibu dukani kwa watu hapa Ngamiani, nimeyajibu barazani, nimeyajibu kwa ujumbe wa simu saa nne usiku. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa kampuni ndogo iliyosajiliwa Tanzania, yenye mtu mmoja wa hesabu au mwenyewe ndiye anayejiandikia. Si lazima uwe umesomea uhasibu. Shika hili moja tu: deni linabaki kuwa deni vitabuni mpaka ulilipe, au mpaka aliyekukopesha akuandikie kwamba halidai tena. Huruma ya mdomo haifuti leja.

Tutakwenda na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kampuni ya Tanga inanunua nazi Pangani na kuzipeleka Dar es Salaam. Tarehe 15 Oktoba imekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 6. Riba ni 2% kwa mwezi juu ya salio linalopungua, na ada ya mkopo ni 2%, inayokatwa kabla hela haijatoka. Kampuni hiyo nimeitunga, na namba nimezichagua ziwe nyepesi kukokotoa.

Uwe navyo mkononi kabla ya kuanza

- Mkataba wa mkopo wenye sahihi za pande zote, pamoja na ratiba ya marejesho. Kama hukupewa ratiba, rudi ukaiombe. Ni haki yako.
- Taarifa ya benki ya kampuni, au ya namba ya simu ya kampuni, tangu siku hela ilipoingia.
- Stakabadhi za marejesho yote, hata yale ya kutuma kwa simu.
- TIN (namba ya mlipakodi) ya mkopeshaji, kama ni mtu binafsi au kampuni isiyo benki.
- Leja. Ya kompyuta au daftari la mistari, vyote sawa, ilimradi uandike siku hiyohiyo.

Na kwa aliyesahau: debiti ni pale mali au gharama inapoongezeka, au deni linapopungua. Krediti ni pale deni au mapato yanapoongezeka, au hela inapotoka. Angalia mtego huu: kwenye taarifa ya benki mambo yamegeuka, kwa sababu ile ni leja ya benki, si yako. Hela iliyoingia kwako wao wanaiita krediti; kwako ni debiti. Nimeona vitabu vya mwaka mzima vimepinduliwa kwa sababu ya hilo tu.

Hatua ya 1: Toa namba kwenye mkataba

Kaa chini na kalamu. Andika kiasi ulichokopa, kiasi kilichoingia kweli, tarehe za marejesho, riba na namna inavyokokotolewa. Hapo pa mwisho ndipo watu wanapoumia. "Asilimia 2 kwa mwezi" inaweza kuwa na maana mbili. Riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, kampuni yetu ya nazi italipa riba ya 840,000 kwa miezi sita. Ikihesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, italipa 1,440,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni shilingi 600,000. Ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu mara nyingi hujificha hapa, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini, usije ukauliza baada.

Hakikisha pia jina la mkopaji ni la kampuni. Mkopo ukiwa kwa jina lako, kwa mfano ule uliochukua kwenye simu yako usiku ili dereva apate mafuta, basi mdaiwa ni wewe. Kampuni haidaiwi na mkopeshaji yule; inadaiwa na wewe mkurugenzi. Uandike hivyo.

Hatua ya 2: Fungua akaunti zake

Usirundike vyote kwenye "Madeni". Fungua hizi: Mkopo wa muda mfupi (kila mkopeshaji na wake), Riba inayodaiwa, Ada ya mkopo isiyotumika bado, Gharama ya riba, Gharama ya ada za mikopo, na Mapato ya msamaha wa deni. Hiyo ya mwisho huenda usiitumie kamwe. Ifungue tu.

Hatua ya 3: Andika siku hela inapoingia

Kampuni imekopa 12,000,000 lakini kwenye akaunti zimeingia 11,760,000, maana ada ya 240,000 imekatwa juu kwa juu. Deni ni lile la mkataba:

Debiti Benki 11,760,000
Debiti Ada ya mkopo isiyotumika bado 240,000
Krediti Mkopo wa muda mfupi 12,000,000

Tahadhari. Mkopo si mauzo. Usiutolee risiti ya mashine ya EFD, usiuingize kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya VAT, usiuhesabu kwenye mapato ya mwaka. Kijana mmoja niliyemsaidia mwaka juzi aliandika mkopo wote upande wa mauzo kwa sababu "hela imeingia". Kwa vitabu vyake mwenyewe akawa ametangaza faida ambayo hakuipata, na kodi ya mapato ya kampuni hapa kwetu ni 30% ya faida. Tulikaa siku tatu tukifungua faili moja baada ya jingine kurudisha kila muamala mahali pake. Yule kijana alikuwa mwaminifu kabisa, ila hakuna aliyewahi kumwambia.

Hatua ya 4: Gawa kila rejesho

Rejesho lina vitu viwili ndani yake. Sehemu inayorudisha mkopo wenyewe inapunguza deni, wala si gharama. Riba ndiyo gharama. Kwenye mfano wetu, kila mwezi mkopo unapungua kwa 2,000,000, na riba inakwenda hivi:

15 Novemba: riba 240,000, jumla ya rejesho 2,240,000
15 Desemba: riba 200,000, jumla 2,200,000
15 Januari: riba 160,000, jumla 2,160,000
15 Februari: riba 120,000, jumla 2,120,000
15 Machi: riba 80,000, jumla 2,080,000
15 Aprili: riba 40,000, jumla 2,040,000

Rejesho la kwanza litaandikwa:

Debiti Mkopo wa muda mfupi 2,000,000
Debiti Gharama ya riba 240,000
Krediti Benki 2,240,000

Ukiandika 2,240,000 zote kuwa matumizi, umekosea mara mbili kwa kalamu moja: gharama zimevimba na deni limebaki vilevile. Utafika Aprili umemaliza kulipa, lakini vitabu vinasema bado unadaiwa milioni 12.

Faini ya kuchelewa nayo iandike peke yake, usiichanganye na riba. Utakapokaa na mkopeshaji kuomba nafuu, faini ndiyo mara nyingi ya kwanza kuondolewa, na ni vizuri ujue ni kiasi gani.

Hatua ya 5: Zuia kodi, kama mkopeshaji si benki

Hatua hii wengi wanairuka. Kampuni ikilipa riba kwa mtu binafsi, akiwemo mkurugenzi wake, au kwa kampuni nyingine isiyo taasisi ya fedha, inatakiwa kuzuia 10% ya riba hiyo na kuipeleka TRA (mamlaka ya mapato) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Riba ikiwa 100,000, mkopeshaji anapata 90,000 na TRA 10,000. Kwenye vitabu vyako gharama ya riba inabaki 100,000. Riba unayolipa benki ya hapa nchini haina zuio hilo.

Mweleze mkopeshaji kabla ya kusaini. Mzee aliyekukopesha kwa imani, akiona riba yake imepungua bila kuambiwa, atadhani umemdhulumu.

Hatua ya 6: Funga mwaka

Tuseme mwaka wa kampuni unaishia 31 Desemba. Marejesho mawili yameshalipwa, na mkopo uliobaki ni 8,000,000. Fanya mambo matatu.

Kwanza, riba. Tangu 15 Desemba mpaka 31 Desemba zimepita siku 16 kati ya 31 za kuelekea rejesho la Januari. Hujalipa, lakini umeshatumia hela ya mtu kwa siku hizo. Chukua 160,000, zidisha kwa 16, gawa kwa 31, unapata 82,581:

Debiti Gharama ya riba 82,581
Krediti Riba inayodaiwa 82,581

Ukilipa 15 Januari, zile 160,000 zinagawanyika: 82,581 zinafuta Riba inayodaiwa, na 77,419 zinakuwa gharama ya mwaka mpya.

Pili, ada. Ile 240,000 ni ya miezi 6, yaani 40,000 kwa mwezi. Mwaka huu umetumia miezi miwili na nusu, kwa hiyo 100,000 inakwenda gharama na 140,000 inabaki. Kanuni kamili za uhasibu zina hesabu ndefu kuliko hii, ila kwa mkopo wa miezi sita mgawanyo huu unatosha. Na kama mkopo umeanza na kuisha ndani ya mwaka uleule, peleka ada yote gharama, usijichoshe.

Tatu, mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Mkopo uonyeshe 8,000,000 kutoa 140,000, yaani 7,860,000, chini ya madeni ya muda mfupi. Muda mfupi maana yake ni kile kinachotakiwa kulipwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kufunga hesabu, si tangu siku ya kukopa. Mkopo wa miezi 18 wa shilingi 18,000,000, unaorudishwa 1,000,000 kila mwezi, ukiwa umeshalipa mara tatu, unagawanyika: 12,000,000 muda mfupi, 3,000,000 muda mrefu. Afisa mikopo atakayesoma mizania yako anaangalia hapo kwanza.

Hatua ya 7: Msamaha, uupate kwa maandishi

Wanasema mgeni wa Tanga yuaja leo, kuondoka majaaliwa. Kuna madeni ya namna hiyo pia. Lori la nazi limeharibika njiani, mzigo umeoza, Januari umelipa kwa taabu, na sasa unaona wazi hutamaliza. Kampuni yetu imekwenda kuzungumza, na mkopeshaji amekubali: leta 4,500,000 leo, zilizobaki nimesamehe.

Usitoke pale na maneno matupu. Omba barua inayotaja jina la kampuni, namba ya mkataba, kiasi kilichokuwa kinadaiwa, kiasi unacholipa, kiasi kilichosamehewa cha mkopo na cha riba, tarehe msamaha unapoanza kazi, na sentensi inayosema hakuna dai lililobaki. Iwe na sahihi ya mwenye mamlaka. Dhamana uliyoweka, kama hati ya kiwanja au kadi ya gari, iandikwe humohumo kwamba inarudishwa.

Tahadhari. Haya yafuatayo si msamaha:

Mkopeshaji kunyamaza. Sheria ya ukomo inampa miaka 6 kufungua madai ya mkataba. Ukimya wa mwaka mmoja usikufanye uvute mstari kwenye leja.

Benki kuliondoa deni kwenye vitabu vyake. Benki hufanya hivyo kwa hesabu zake za ndani, na bado inaweza kukudai au kumkabidhi deni mkusanya madeni. Mteja akisikia "limefutwa" hufurahi mapema.

Kupangiwa marejesho upya. Umeongezewa muda, ila deni liko palepale.

Mkopo wa halmashauri. Ile 10% ya mapato ya ndani, yaani 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu, huwaendea vikundi na haina riba. Kukosa riba hakuufanyi kuwa ruzuku. Unarudishwa.

Ipo mikopo iliyotolewa ikiwa na msamaha ndani yake. Marekani, mwaka 2020 wakati wa korona, serikali ilianzisha mpango ulioitwa PPP: kampuni ndogo zilikopeshwa kwa riba ya 1%, na aliyetumia hela kwa mishahara na matumizi yaliyoruhusiwa aliweza kuomba asamehewe. Hata kule, kampuni nyingi ziliuacha mkopo kwenye upande wa madeni mpaka kibali cha msamaha kilipotoka. Ukipata mkopo wa mradi wenye sharti la namna hiyo hapa kwetu, fanya vivyo hivyo: uwe deni mpaka masharti yatimie na karatasi ije.

Hatua ya 8: Andika msamaha kwa tarehe yake

Barua imetoka 15 Februari. Rejesho la Januari lilishalipwa, kwa hiyo mkopo uliobaki ni 6,000,000, na riba ya mwezi huo ni 120,000. Anza na riba, hata kama nayo imesamehewa, maana ilishazaliwa:

Debiti Gharama ya riba 120,000
Krediti Riba inayodaiwa 120,000

Kisha funga deni:

Debiti Mkopo wa muda mfupi 6,000,000
Debiti Riba inayodaiwa 120,000
Krediti Benki 4,500,000
Krediti Mapato ya msamaha wa deni 1,620,000

Na ada iliyobaki, ya miezi miwili (ile 60,000 ya tangu Januari ikiwa imeshakwenda gharama), nayo iondoke, kwa sababu mkopo wake haupo tena:

Debiti Gharama ya ada za mikopo 80,000
Krediti Ada ya mkopo isiyotumika bado 80,000

Sasa leja ya mkopo isome sifuri. Gonga kikokotoo mara mbili. Mapato haya usiyachanganye na mauzo ya nazi. Yapewe mstari wake kwenye taarifa ya mapato, ili mwaka kesho usidhani biashara ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa.

Hatua ya 9: Tenga kodi

Kwa nini msamaha uwe mapato? Kwa sababu ulipokea hela, ukaitumia, na sasa huirudishi. Deni la biashara likifutwa, ile nafuu uliyopata huingia kwenye hesabu ya mapato ya biashara. Kampuni yenye faida, msamaha wa 1,620,000 kwa kiwango cha 30% unaweza kuiongezea kodi ya 486,000, kabla ya kutoa gharama zilizoambatana nao. Kama una hasara za nyuma ulizotangaza TRA, zinaweza kuipunguza. Rekebisha pia makadirio yako ya kodi ya mwaka, usingoje ritani ya mwisho.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewaona watu wanalia kwa furaha siku ya msamaha, halafu wanalia tena siku ya ritani. Siku unayopokea barua, hamishia hela ya kodi kwenye akaunti nyingine. Siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Anayesamehe akiwa ni mwenye kampuni

Hapa njia inageuka. Mwanahisa aliyeikopesha kampuni yake 5,000,000 akiamua kusamehe, hajafanya hivyo kama mfanyabiashara anayekata hasara. Ameongeza nguvu kwenye mali yake. Kwa hiyo nafuu hiyo haipiti kwenye faida. Inakwenda moja kwa moja upande wa mtaji:

Debiti Mkopo kutoka kwa mwanahisa 5,000,000
Krediti Mchango wa mtaji wa mwanahisa 5,000,000

Andikeni azimio la kikao cha wakurugenzi, mlisaini, hata kama wakurugenzi ni mume na mke na kikao kilifanyika mezani kwa chakula. Upande wa kodi unaweza kutazamwa tofauti na upande wa vitabu, kwa hiyo mpelekee mshauri wa kodi aliyesajiliwa azimio hilo kabla ya kupeleka ritani.

Mambo yakikwama

*Salio langu halilingani na la mkopeshaji.* Omba taarifa ya mkopo wako kutoka kwake, weka kidole kwenye rejesho la kwanza na ushuke mstari kwa mstari. Nianzapo kutafuta, naangalia faini ambazo hazikuandikwa, kisha rejesho lililotumwa kwa simu likaingia siku inayofuata, kisha riba iliyohesabiwa juu ya mkopo wote.

*Nilishaandika marejesho yote kuwa matumizi.* Kama mwaka haujafungwa, rekebisha: debiti Mkopo wa muda mfupi, krediti akaunti ile ya matumizi, kwa sehemu ya mkopo wenyewe tu. Riba iache iwe gharama. Kama ritani imeshakwenda, ulipunguza faida isivyo halali. Iombe TRA marekebisho mwenyewe kabla hawajakuja.

*Barua ya msamaha ina tarehe ya Januari, lakini tulikubaliana Desemba.* Ni ya mwaka mpya. Tarehe 31 Desemba ulikuwa bado unadaiwa. Kama kiasi ni kikubwa, litaje jambo hilo kwenye maelezo ya hesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa mkopo ulioongezewa muda Januari: kwenye mizania ya Desemba unabaki wa muda mfupi.

*Amesamehe riba tu.* Utaratibu ni wa hatua ya 8, ila usiguse Mkopo wa muda mfupi. Riba ambayo siku zake hazijafika usiiandike kabisa, wala kama gharama wala kama msamaha.

*Mkopeshaji amefariki, na watoto wake wanasema "yaishe".* Pole kwa msiba. Anayeweza kusamehe ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa barua yake, pamoja na nakala ya uteuzi wake. Mpaka hapo deni likae palepale kwenye leja.

*Nikishamaliza, karatasi nizitupe?* Hapana. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zikae angalau miaka 5. Mkataba, ratiba, stakabadhi na barua ya msamaha, zitoboe, zifunge kwenye faili moja lenye jina la mkopeshaji na mwaka juu yake. Piga picha na uihifadhi nje ya ofisi pia. Unyevu wa pwani yetu unafuta wino wa stakabadhi za mashine ndani ya miezi michache.